Bwana Msa Mwamapalala

Mwamapalala iko mbali na bahari. Ipo katika wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, nchi ya Wasukuma, na kabla mkoa huo haujaundwa mwaka 2012 ilihesabiwa katika Bariadi, na Bariadi katika Shinyanga. Zao lake la fedha ni pamba, mali yake ni ng'ombe, na upepo wake wa kiangazi hauna chumvi wala harufu ya karafuu, una vumbi. Si pahala ambapo msomaji wa visiwani angetarajia kumkuta Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Lakini yupo. Yumo ndani ya sanduku la bati la mwalimu mmoja mstaafu, chini ya vyeti na stakabadhi za mauzo ya pamba, na jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia.

Mwalimu huyo, ambaye kijiji kizima humwita Mwalimu na hapa atabaki na jina hilo hilo, alikutana na Mzimu wa Watu wa Kale alipokuwa kijana katika chuo cha ualimu. Kiswahili kwake ni lugha ya pili; ya kwanza ni Kisukuma. Maneno ya Kiunguja yaliyomshinda aliyapigia mstari kwa penseli, na mistari hiyo ingalipo hadi leo. Alikisoma kitabu kwa usiku mbili, akakirudia wiki ile ile, na tangu hapo hajaacha kukitafuta kila alichokiandika Muhammed Said Abdulla.

Mwandishi huyo huku visiwani hahitaji kutambulishwa, ila kwa vijana. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alikuwa Bwana Afya kwa muda wa miaka kumi, na jambo hili husahauliwa sana na wanaomsoma kwa kumtafutia nasaba Uingereza tu, kwa Sherlock Holmes. Hapana shaka kwamba kiko kile kimetoka London, na Najum, swahiba wa Bwana Msa, ni ndugu yake Watson. Lakini Bwana Afya naye ni mpelelezi. Huingia uani mwa watu, huchungulia mtungi, hutazama maji yaliyotuama nyuma ya nyumba, huuliza nani kaumwa lini. Anajua kwamba homa haiji kwa hasira za mtu. Mtu wa kazi hiyo, akikaa kuandika hadithi ya mauaji, hawezi kumwachia shetani lawama.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1957 na 1958 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki liliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili, na Mzimu wa Watu wa Kale ukachukua zawadi ya kwanza, ukachapishwa mwaka 1960. Bwana Ali, mtu wa mali na mashamba, auawa, na maiti yake yaonekana mzimuni, pahala watu wanapopeleka nadhiri zao. Mji mzima una jibu kabla hata swali halijaulizwa: wa kale wamekasirika. Bwana Msa hana cheo. Si polisi, hana bastola, halipwi na mtu. Ana macho, ana subira, ana ulimi wa kuulizia. Anaanza kuuliza mambo madogo madogo ambayo wenye jibu kubwa hawakuona haja ya kuyauliza.

Aina hii ya riwaya ina wapenzi dunia nzima. Mauaji yapo, lakini damu haimwagwi mbele ya msomaji. Pahala ni padogo, watu wote wanajuana. Mpelelezi ni wa ridhaa, kama wachezaji wa ridhaa wa zamani waliocheza mpira kwa mapenzi. Mwisho wake jambo hufumbuliwa hadharani, kila kitu kikarudi mahali pake, na msomaji akalala usingizi. Wahakiki wengine huzidharau kwa sababu hiyo hiyo ya usingizi. Yaliyofuata kwa Kiswahili yalikuwa na makeke zaidi: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa serikali mwenye ndege, wanawake na risasi. Mwalimu anavyo vitabu hivyo pia. Anasema ni vizuri kwa safari ya basi.

Kwa wapenzi wa ushairi, utamu wa Bwana Msa hauhitaji kutafutiwa chanzo mbali. Ni utamu wa fumbo. Malenga hutunga beti za mafumbo akawatupia wenziwe, nao wakakesha wakizigeuza geuza hadi mmoja akalifumbua kwa vina vile vile. Watoto hutega vitendawili, na asiyeweza kutegua hana budi kutoa mji. Usukumani nako ni hivyo: mtegaji huanza kwa kusema Kalagu, waliokaa wakaitika Kize, na jioni ikaenda. Kwa hiyo yule kijana wa chuo cha ualimu hakukuta kitu kigeni katika kitabu cha Unguja, licha ya kutojua mkarafuu ukoje. Alikuta kitendawili kirefu chenye maiti ndani yake.

Lakini kupenda mafumbo ni jambo moja, na kulihifadhi jalada kwa uzi wa gunia miaka hamsini ni jambo jingine.

Katika miaka ya 1980, wakati Mwalimu alipokuwa amerudi kufundisha nyumbani, mtoto wa jirani alishikwa na degedege usiku, akafa kabla ya kufikishwa zahanati. Baada ya matanga wazee wa nyumba ile walikwenda kwa mfumu. Kuku akapasuliwa, ndani mwake mkasomwa. Mfumu hakutaja jina. Wajanja katika kazi hiyo hawataji. Alisema tu kwamba ni mwanamke, ni mzee, anakaa upande wa macheo, na macho yake ni mekundu. Hicho nacho kilikuwa kitendawili, lakini cha namna yake: jibu lilitangulia, swali likatungwa kulifuata. Upande wa macheo alikaa shangazi yake Mwalimu, mjane asiye na mtoto aliye hai. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alikuwa amepikia kuni, mabua ya pamba na samadi kavu katika nyumba isiyo na dirisha tangu alipokuwa msichana.

Maana ya neno lile ilikuwa inajulikana na kila mtu. Takwimu rasmi alizozikusanya mtaalamu Simeon Mesaki zinaonesha kuwa baina ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi; 2,286 kati yao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Wengi walikuwa vikongwe. Walikatwa mapanga usiku, majumbani mwao, na asubuhi hakupatikana aliyesikia kitu.

Mwalimu alikwenda kwa wafiwa. Hakwenda kugombana. Alikaa, akanywa maji, akaanza kuuliza. Mtoto alianza lini kuwa na joto? Siku tatu kabla. Nani aliyelala naye? Bibi yake. Kuna mwengine nyumbani aliyetetemeka wiki ile? Wawili, wakapona. Shangazi alifika hapa siku hizo? Hakufika, alikuwa shambani kwa watu akichuma pamba. Kila jibu lilikuwa linasimama upande wake, na yeye, kwa muda wa saa moja hivi, aliona kwamba jambo litafumbuka kama linavyofumbuka katika sura ya mwisho. Baba wa marehemu alimsikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema, "Mwalimu, maswali yako ni mazuri. Lakini mfumu ametupa jibu, na wewe umetupa maswali."

Usiku ule ule Mwalimu alimbeba shangazi yake kwa baiskeli hadi kwa ndugu wa mbali. Bibi yule aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwa uzee wake, akazikwa katika ardhi isiyo yake. Nyumba yake ya Mwamapalala ilibomoka yenyewe.

Maneno ya yule baba ndiyo yanayoeleza nguvu ya hadithi za Bwana Msa kuliko uhakiki wowote. Binadamu akifiwa hataki maswali. Anataka ajulishwe nani. Mfumu na mpelelezi wa ridhaa wamesimama pahala pamoja kabisa: pana mauti, pana kijiji kilichoshikwa na hofu, panaitwa mtu mwenye akili kuliko wengine, watu hukusanyika, na kidole hunyooshwa. Ukitazama kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Tofauti ni kwamba Bwana Msa analazimika kueleza alivyofika pale alipofika, hatua kwa hatua, mbele ya watu wenye haki ya kumkatiza. Najum hukataa, Inspekta Seif huguna, msomaji naye hurudi nyuma kurasa ishirini kuhakikisha. Kuku wa mfumu hakatizwi na mtu.

Tena Bwana Msa huweza kukosea. Kitabu cha mwaka 1984 kimepewa jina la Kosa la Bwana Msa, na jina hilo peke yake ni jambo la kustaajabisha. Nani amepata kusikia habari za kosa la mpiga ramli?

Kuna kitabu kingine katika sanduku la Mwalimu, cha Kiingereza, kilichoachwa na mfanyakazi wa mradi fulani. Ni cha Agatha Christie, na ndani yake yumo Miss Marple, bibi kizee wa kijiji cha St Mary Mead, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930. Hakuolewa. Anaishi peke yake, anafuma sweta, anapalilia bustani, na kutoka dirishani anaona nani kapita na nani, saa ngapi, na kwa uso gani. Anazijua siri za kila nyumba na anawadhania watu mabaya, na mara nyingi dhana zake huwa kweli. Wasomaji wa Ulaya humwona ni bibi mpendwa. Mwalimu alikisoma kwa shida, kamusi mkononi, na kilimtia hofu tangu ukurasa ule bibi alipotokea. Mjane au asiye na mume, mzee, pekee, mwenye kujua mambo ya watu usiku na mchana: huyo Mwamapalala asingekuwa mpelelezi. Huyo ndiye angekuwa jibu. Alisubiri mpaka mwisho kuona watamfanya nini, na alipoona wanamshukuru na kumkaribisha chai, alicheka peke yake.

Huenda hapo ndipo penye starehe ya kweli ya riwaya hizi, si katika kukamatwa kwa muuaji. Ni kijiji ambamo kikongwe anaweza kuona kila kitu na bado akalala mlango wazi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba upelelezi wa watu wasio na vyeo ni mwema kwa asili yake. Usukumani na Unyamwezini walitokea Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wenyewe, na pinde na mishale yao, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na wapelelezi wa serikali wasiofika. Waliufuata wayo wa ng'ombe kutoka kijiji hata kijiji, na wizi ukapungua kweli. Hata serikali ikawakubali. Lakini katika baadhi ya sehemu baada ya wezi walitafutwa wachawi, na hapo wayo ukawa hauna haja. Januari 2015 serikali ilitangaza marufuku kwa wapiga ramli, na zile zinazotaja watu zikapata jina lake rasmi, ramli chonganishi. Ni jina zuri. Marufuku yenyewe haikuweza kuingia katika kila nyumba yenye matanga.

Abdulla aliendelea kuichimba shimo hofu hiyo kwa vichekesho. Kitabu chake cha pili cha Bwana Msa, cha mwaka 1968, alikiita Kisima cha Giningi, na kila mtoto wa Unguja na Pemba aliyetishwa na bibi yake anajua Giningi ni mji wa nani. Msukuma hana jina hilo la Giningi, lakini hakuhitaji kuelezwa.

Siku hizi vijana wa sekondari huja kwa Mwalimu kuazima vitabu, hasa pamba ikishauzwa na shule kufungwa. Ule Mzimu wenye uzi wa gunia huuazima kwa masharti, maana kurasa zake za mwisho zimeng'oka zamani na hazikupatikana. Msomaji hufika pale Bwana Msa anapojiandaa kusema, na kitabu kinakwisha. Hurudi mbio, kitabu mkononi, kuuliza nani aliyeua. Mwalimu anajua, bila shaka. Humsogezea kigoda, akamwuliza yeye anamdhani nani. Na kijana akishataja jina, humwuliza ameona nini, ukurasa gani, na kama mtu huyo hakufanya, ni nani mwengine aliyeweza kupita njia ile usiku ule. Wengine huchoka wakaenda zao. Msichana mmoja alirudi siku nne mfululizo.