Watoto Walichora Tigre, Sisi Tukapanda Kahuzi-Biega



Tuliahidi kuwaeleza safari yetu ya parke ya Kahuzi-Biega. Leo tunalipa deni.

Safari hii ilianzia darasani. Sisi walimu wa chama tulikuwa tunafundisha watoto wa mwaka wa tano wa shule ya msingi somo la wanyama. Tukawaambia: kila mmoja achore mnyama wa porini wa inchi yetu. Tulipokusanya madaftari tukakuta karibu nusu ya darasa wamechora tigre, na milia yake myeusi. Mtoto mmoja alishikilia kabisa kwamba tigre ndiye alikuwa kwenye kofia ya Mobutu, na ndiye jina la timu yetu ya taifa ya mpira. Gorila hakuchorwa na mtu.

Basi tulianza kwa kusahihisha. Mnyama wa kofia ya Mobutu, wa timu ya taifa na wa nembo ya inchi yetu ni chui, mwenye madoa. Tigre ana milia, na makao yake ya porini ni Asia. Kule India ndiko wako wengi kuliko pengine pote: hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya 3,000. Wageni wanapanda jipu za wazi asubuhi mapema katika parke kama Ranthambore na Kanha, wanazunguka, na mara nyingi wanarudi wameona nyayo tu kwenye udongo. Afrika hakuna tigre wa porini.

Watoto wakauliza: "Mwalimu, na huku kwetu kuna nini?" Tukawajibu kwamba kuna gorila, saa mbili tu kwa gari kutoka Bukavu. Wakauliza tena: "Ninyi mumemuona?" Tukanyamaza. Hatukuwa tumemuona.

Hapo ndipo tulileta jambo hili kwenye mkutano wa chama. Tuliweka pesa kidogo kidogo kwa likelemba muda wa miezi saba. Mukongomani halipi bei ya mgeni kutoka Ulaya. Bei yetu ni ya chini sana. Tulingojea siku barabara imetulia, tukakodi gari, tukaondoka saa kumi na moja asubuhi, wamama kumi na mmoja, na sufuria ya wali na maharagi kwenye buti.

Tulipita soko la Mudaka wauzaji wakipanga ndizi, tukafika Miti, tukaacha barabara ya Kavumu na kupanda upande wa mlima. Kushoto na kulia ni mashamba ya chai. Halafu baridi ikaanza, na tukafika Tshivanga, ambako ndiko kituo cha parke. Mlima Kahuzi una urefu wa metre 3,308. Biega ni mfupi kidogo. Yote miwili ni volkano zilizozimika, na parke ilichukua majina yao mwaka 1970.

Kwenye kituo tulipata somo la kwanza. Kikundi kimoja kinachoenda kwa gorila hakipiti watu wanane. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi. Na mtu mwenye mafua au kikohozi anabaki, kwa sababu gorila anaambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi, na mafua yetu madogo yanaweza kumuua. Wenzetu wawili walikuwa wanakohoa. Mmoja wa tatu, mwenye magoti mabaya, alikubali mwenyewe kubaki nao. Tuliona huruma, lakini wao ndio waliopasha chakula moto tuliporudi, na tunawashukuru hapa.

Wanane tuliingia msituni. Mbele alitangulia mfuata nyayo mmoja, Mutwa, na mlinzi mwenye silaha nyuma. Tulitembea karibu saa mbili na nusu. Mianzi, matope, na yale majani yanayochoma hata juu ya kikwembe. Yule ndugu Mutwa alikuwa anaangalia chini, anaokota kipande cha muanzi kilichotafunwa, anakinusa, anabadilisha njia. Alituonyesha vitanda vya majani ambamo gorila walilala. Kila jioni wanatandika kitanda kipya, hawarudii cha jana.

Tulipumzika, na mama mmoja akamuuliza alijifunza wapi kazi hii. Akajibu kwamba baba yake alizaliwa ndani ya msitu huu huu. Parke ilipofanywa na kupanuliwa, miaka ya 1970, Batwa walitolewa bila kupewa mashamba. "Sasa ninaingia kwa mshahara mahali baba yangu aliingia kwa miguu yake," alisema. Hakusema zaidi, na sisi tulikosa la kujibu.

Halafu akainua mkono. Tukavaa barakoa.

Kwanza tuliona mgongo, mweupe kama majivu, wa dume mkubwa aliyekaa anakula. Dume kama huyo anaweza kupita kilo 200. Hakutuangalia. Nyuma yake alikuwepo jike na mtoto kifuani. Mtoto alivuta nywele za mama yake, akaanguka, akapanda tena. Mama akamshika mguu bila kugeuka, kama tunavyofanya sisi tukiwa jikoni na mtoto anataka kugusa moto. Mlinzi alituambia kwa sauti ndogo kwamba jike ananyonyesha miaka mitatu au zaidi, na anapata mtoto mmoja tu kila miaka minne hivi. Ndiyo maana wakiuawa wachache, kurudi kwa hesabu yao kunachukua miaka mingi. Vita vilivyoanza 1996 viliwapunguza karibu nusu huku upande wa juu, na tembo wa huku walimalizwa. Gorila wa aina hii wanapatikana Kongo peke yake. Inchi nyingine yote ya dunia hawako.

Tulipewa saa moja, ikaisha kama dakika kumi.

Wakati wa kula, Tshivanga, ndipo mazungumuzo makali yalitokea. Mlinzi alikuwa ametuonyesha upande wa mlima uliokatwa, mashimo ya kuchomea makala yakiwa bado meusi. Mmoja wetu anauza makala Kadutu, na wote tunamjua. Aliweka sahani chini akasema: "Mimi sitaficha. Magunia yangu mengine yanatoka huku. Makala ndiyo ililipa minerval ya watoto wangu sita. Nikiacha, mutanilisha?" Mwingine alitaka kumhukumu. Lakini nani kati yetu hapiki kwa makala? Yeye anauza, sisi tunanunua. Moto ule wa mlimani ndio unaoivisha sombe na bugali yetu.

Hatukumaliza shauri siku ile. Tulikubaliana mambo matatu tu, na tunayaleta kwenu.

Moja: pesa za likelemba ya mwezi ujao zitanunua mbabula za udongo zinazokula makala kidogo, tuanze na nyumba kumi. Yule mama muuzaji ndiye atakayeziuza kwa wengine, apate faida yake hapo, kwa sababu wateja anao tayari.

Mbili: watoto hawawezi kwenda kwa gorila, lakini wanaweza kwenda Lwiro, karibu na hapo, kwenye makao ya sokwe na nyani waliookolewa kwa wawindaji. Wazazi wa mwaka wa tano, tutapanga siku pamoja.

Tatu: mama yeyote anayetaka kupanda Kahuzi aulize kwanza hali ya usalama ya barabara, avae viatu vya mpira na suruali chini ya kikwembe, na akiwa na mafua asisafiri.

Jumatatu tulirudi darasani. Watoto wakatuuliza dume alikuwa mkubwa namna gani. Tukawapanga wanane mbele ya ubao, wale wa kilo 25 hivi, tukawaambia: hawa wote pamoja. Wakapiga kelele mpaka mkurugenzi akaja mlangoni. Halafu wakachukua madaftari, wakaanza kuchora.