Tulipita Mmoja Mmoja

Mkimbizi akisimama katikati ya uwanja wa ndege, begi jeupe la plastiki kifuani, macho yakihangaika huku na kule, wanaompita hudhani anaogopa ndege. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao, na nataka kusema kilichotutisha hasa, kwa sababu kinaweza kupunguzwa bila gharama yoyote. Ndege yenyewe haikututisha sana. Tuliogopa kutenganishwa.

Katika mwaka wake wa fedha wa 2016, Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Ndani ya hesabu hiyo tumo sisi wanne: mimi, mama yangu ambaye watoto wanamwita Koko, binti yangu Neema, na mdogo wake Baraka. Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini. Tulipokimbia, Neema nilimbeba mgongoni na Baraka alikuwa bado tumboni. Njiani kuelekea Uvira tulikuta kizuizi. Wenye silaha wakaamuru watu wapite mmoja mmoja. Nilipita na mtoto, mama akanifuata. Mume wangu alikuwa nyuma yetu katika mstari uleule, na hakupita. Tulisimama upande wa pili tukimtazamia, tukafukuzwa tuendelee. Mpaka leo sijui alizikwa wapi, wala kama alizikwa.

Baada ya Burundi na Tanzania tulifika Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan. Maisha ya kule yameelezwa na wengi, sitayarudia.

Jina letu lilipotoka kwenye orodha ya kwenda Marekani, baada ya mahojiano na vipimo vya afya visivyokwisha, tulipelekwa kwenye mafunzo ya safari. Mwalimu alikuwa hodari. Alitueleza mkanda wa kiti unavyofungwa, akatueleza choo cha ndege kinachovuta maji kwa kishindo, akatuonya tusishtuke masikio yakiziba. Watoto waliwekewa viti mfano wa ndani ya ndege wakafanya mazoezi. Halafu akafika kwenye ukaguzi. Akasema, bila kujua anagusa nini, kwamba pale mtapita mmoja mmoja.

Koko akanyanyua mkono. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali mbele za watu. Akasema, "Mwalimu, na wa nyuma akizuiliwa, wa mbele anafanya nini?"

Darasa zima lilinyamaza, maana wengi humo ndani walikuwa na kizuizi chao. Mwalimu naye alimtazama kidogo, nadhani akaelewa. Akajibu, "Wa mbele anamngoja, mama. Anasimama palepale anamngoja. Hakuna atakayemfukuza."

Katika mafunzo yote yale, jibu hilo ndilo tulilolitumia kuliko jingine lolote.

Ndege yetu ya kwanza ilikuwa ndogo, ya panga boi, kutoka kiwanja cha Kakuma hadi Nairobi. Baraka alicheka njia nzima. Koko alifumba macho akasali hadi magurudumu yalipogusa chini, basi. Siku chache baadaye tulipelekwa Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na hapo ndipo safari ilipoanza kuwa ngumu.

Pale, wakati ule, ukaguzi ulianza kabla hujafika kwenye jengo. Gari lilisimamishwa barabarani, abiria wakashuka wakapita kwa miguu kwenye mashine, gari likakaguliwa peke yake na kuwachukua mbele. Kwa msafiri aliyezoea ni usumbufu wa dakika chache. Kwa Koko ilikuwa usiku, askari wana bunduki, na tumeambiwa tushuke garini. Alinishika mkono akakataa kuuachia. Nikamwambia, "Mama, tutangojana." Akanitanguliza mimi, akawafuatisha watoto, yeye akapita mwisho, na alipofika upande wetu alitugusa vichwa kama anayehesabu mifugo. Baadaye nilisoma kwamba uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, ulijengwa kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau. Sishangai kwamba nilihisi uzito mahali pale.

Ndani ya jengo tukakutana na suala la maji. Koko alikuwa na chupa kubwa ya maji safi ndani ya mkoba wake, na mkaguzi akasema haiwezi kupita. Sheria hiyo, ya kutopitisha kimiminika kinachozidi mililita 100, ilienea duniani baada ya Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliopanga kulipua ndege kwa baruti ya majimaji. Sisi hatukujua habari hizo. Tulichojua ni foleni ya bombani Kakuma, mitungi imepangwa tangu alfajiri katika joto la nyuzi 40, na watu wanaoweza kugombana kwa sababu ya lita tano. Pembeni ya mkaguzi kulikuwa na pipa limejaa chupa ambazo hazijafunguliwa. Koko aliliangalia pipa lile kwa muda mrefu. Mkaguzi, kijana mwenye subira, akamwambia kwa Kiswahili, "Shosho, mnaweza kuyanywa hapa, hamna haraka." Tukasogea kando, tukapokezana ile chupa hadi ikaisha, kisha Koko akamkabidhi kijana chupa tupu kwa mikono miwili.

Kundi letu lilikuwa na familia ya Kisomali, wanandoa wazee kutoka Burundi, na kijana wa Sudan Kusini aliyesoma Kakuma na kuvijua Kiingereza na Kiswahili vyote viwili. Kila mkuu wa familia alikuwa na begi jeupe lenye herufi za buluu za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na ndani yake nyaraka, picha za eksirei za kifua, na bahasha iliyofungwa tuliyoagizwa tusiifungue. Begi lile halipakiwi pamoja na mizigo wala halifichwi. Linabebwa mahali pa kuonekana, ili wahudumu wa kila uwanja wajue wewe ni nani hata kama huwezi kujieleza. Wapo wanaoliona kuwa ni aibu. Kwangu mimi lilikuwa mdomo, kwa kuwa mdomo wangu haukujua Kiingereza.

Tulitua Amsterdam alfajiri. Uwanja wa Schiphol uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari, juu ya ardhi iliyokuwa ziwa hadi Waholanzi walipolikausha mwaka 1852. Watu wa ufuko wa Ziwa Tanganyika kama sisi tungestaajabu sana kama tungejua kwamba tunatembea chini ya ziwa. Tulichokiona ni mabango ya manjano yenye maandishi meusi, herufi na namba za mageti, na umati unaokwenda kasi bila kuulizana kitu.

Hapo tulikutana na ngazi za umeme. Baraka alirukia bila kuogopa, Neema akamfuata ili amshike, na papo hapo wote wawili wakawa wanapandishwa juu mbali nasi. Koko akapiga ukelele. Watu walisimama. Mimi nilikuwa katikati: watoto wanaondoka mbele, mama ameganda chini, miguu yake ya baridi yabisi imekataa kukanyaga chuma kinachotembea. Nikiwafuata watoto namwacha mama, na nikibaki na mama nawapoteza watoto. Msafiri wa kawaida atasema ni ngazi tu. Ndiyo, ni ngazi. Lakini mwili wangu haukujua hivyo.

Mwanamke mmoja wa usafi, mwenye kizibao cha kazi, aliacha kitoroli chake. Hatukuwa na lugha moja. Aliniangalia, akamwangalia Koko, akaninyooshea kidole juu kwa watoto, kisha akajigusa kifua na kumshika Koko mkono. Nilielewa: nenda kwao, huyu niachie mimi. Nikapanda mbio. Kabla sijamaliza kuwakumbatia watoto, mlango wa lifti ukafunguka pembeni, na Koko akatoka akiwa ameshikwa mkono na yule mwanamke. Hakungoja shukrani, alirudi kwenye kazi yake. Nimemwombea mara nyingi.

Newark, upande wa pili wa Atlantiki, ndipo tulipoingilia Marekani. Nilidhani tutaitwa pamoja. Lakini faili la mama yangu lilikuwa tofauti na letu, ingawa yalikuwa yameambatanishwa, kwa hiyo aliitwa kwenye dirisha jingine, akachukuliwa alama za vidole, kisha akapelekwa chumba cha pembeni. Sisi tukamalizwa haraka. Ofisa akatuonyesha mlango wa kutokea. Nikatikisa kichwa. Akarudia, kwa sauti ya juu kidogo. Kijana wa Sudan Kusini, aliyekuwa mstari wa jirani, akaniombea: akamweleza kwamba mama yangu yumo ndani, siwezi kutoka bila yeye. Ofisa akafikiri, akatuonyesha viti.

Tukakaa. Watu wa ndege yetu wakaisha, wakaja wa ndege nyingine, nao wakaisha. Ndege iliyotakiwa kutupeleka Louisville, Kentucky, ikaondoka bila sisi. Neema alinisihi tutoke tukaulize nje. Nilimkatalia. Nilijua kwamba tukitoka mlango ule haturudi, na mwalimu alikuwa ametoa neno lake mbele ya Koko. Hatimaye akaja, anachechemea, karatasi yenye mhuri mkononi. Alipotuona kwenye viti alisimama kwanza. Akasema, "Mmeningoja." Kisha akakaa sakafuni pale pale akalia, na mimi nikalia. Kwa miaka yote tangu kile kizuizi hatukuwahi kumlilia mume wangu pamoja.

Tulilazwa hotelini usiku ule. Asubuhi, kila familia na geti lake: Wasomali kwao, Warundi kwao, kijana wetu akaenda Omaha, Nebraska, ambako Wasudan Kusini ni wengi. Kabla hatujaagana alininakilia kwenye karatasi namba ya geti letu kwa herufi kubwa, na chini yake sentensi ya Kiingereza ya kuomba msaada. Karatasi hiyo niliionyesha kwa kila mwenye sare.

Kulikuwa na ukaguzi mwingine bado, wa mashine ya kioo ambayo unaingia na kunyanyua mikono juu. Baraka aliponiona nimesimama hivyo aliuliza kwa sauti, "Mama, tumefanya nini?" Nikamjibu kwamba hatujafanya kitu, kila mtu hapa ananyanyua mikono, hata yule baba wa tai. Akamtazama yule baba wa tai mpaka akahakikisha.

Louisville tulipokewa na mfanyakazi wa shirika la mapokezi aliyeshika kibao chenye jina letu, na nyuma yake akina mama wa Kikongo wa kanisani wamebeba makoti, wanaongea Kiswahili cha kwetu kabisa. Uwanja ule ulipewa jina la Muhammad Ali mwaka 2019. Yeye ni mzaliwa wa mji huu, na alizikwa hapa mwezi Juni 2016, miezi michache tu kabla yetu kufika. Koko anakumbuka pambano lake na Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 1974, watu walivyojazana kwenye redio moja. Kila tukipita pale humwambia Baraka kwamba mwenye uwanja huu aliwahi kufika kwetu.

Tiketi zile hazikuwa za bure, tofauti na wanavyodhani wengi. Ni mkopo usio na riba, unaoanza kulipwa baada ya miezi sita. Nimelipa wangu wote, kwa kazi ya ghala na usiku mwingi.

Nami baadaye nikawa naenda uwanjani kupokea wakimbizi wapya. Sikubeba maua. Nilibeba koti, maji, na kitenge kimoja, nikasimama mahali ambapo mtu anayetoka ataniona kabla hajaanza kutafuta. Alipotoka mmoja peke yake macho yakiwa nyuma, sikuharakisha kumkumbatia, nilimwambia kwanza, "Tunawangoja wengine hapahapa." Mabega yalishuka. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mapokezi ya wakimbizi, na kuna watu waliokuwa na tiketi mkononi wakaambiwa hawasafiri tena. Baadhi yao walikuwa wametanguliwa na ndugu zao waliopo hapa Louisville. Hao bado wanangojana.

Ninyi mnaofanya kazi viwanjani, Nairobi, Entebbe, Kigali, Dar es Salaam au ughaibuni, mkimwona mtu amegoma kusogea mbele, msimpigie kelele kabla hamjaangalia nani yuko nyuma yake. Ikiwezekana, ipitisheni familia kwenye mashine moja. Ikishindikana, mwonyesheni kwa kidole mahali atakaposimama kumngoja mwenzake, na mwacheni asimame.