Maboksi

Kocha mkuu alifukuzwa Jumapili asubuhi, siku moja baada ya msimu wetu kuisha. Mchana wake kocha msaidizi niliyekuwa nikifanya kazi chini yake alinipigia simu kuniuliza kama ninajua duka linalotoa maboksi bure. Hakuongeza neno. Nikapita nyuma ya supamaketi, nikajaza gari maboksi ya ndizi, nikaenda ofisini.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika menejimenti ya michezo, kwenye chuo kidogo cha Marekani ambacho sitakitaja. Chuo kilinilipia ada na kunipa posho, na mimi nikailipa kwa jasho katika timu ya wanaume ya mpira wa kikapu. Cheo changu kilikuwa msaidizi, lakini kisikudanganye. Kocha mkuu alikuwa na makocha wasaidizi, na mimi nilikuwa msaidizi wa wasaidizi. Nilikata video za wapinzani hadi saa nane usiku. Nilifua jezi, niliagiza piza, niliwapokea uwanja wa ndege vijana wa miaka 17 waliokuja na mama zao kukitazama chuo. Mama ndiye wa kuzungumza naye garini. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza.

Ndiyo njia yenyewe. Mark Few aliingia Gonzaga mwaka 1989 akiwa msaidizi mwanafunzi kama mimi, na mwaka 1999 akakabidhiwa timu. Kila msaidizi anaijua hadithi hiyo na anaisimulia kama ni yake. Ya Bill Guthridge haisimuliwi sana. Alikaa pembeni ya Dean Smith pale North Carolina kwa miaka 30, tangu 1967 hadi 1997, akapewa timu akiwa na miaka 60, akaifikisha nusu fainali ya taifa mara mbili katika misimu mitatu, akastaafu. Nilimwambia Kocha kwamba mimi nampenda Guthridge zaidi. Akacheka. "Huyo alikuwa na bosi asiyefukuzika," akasema.

Sikulielewa jibu lake mpaka Jumapili ile.

Kocha ana miaka 41, mke na watoto wawili, na chuo chetu kilikuwa cha tano kwake. Nyumbani kwake kulikuwa na maboksi kwenye kona ya sebule, yameandikwa kwa kalamu nene jina la mji waliotoka miaka mitatu nyuma. Nilidhani ni uvivu. Mke wake akaniambia kuwa wameacha kuyafungua yote, kwa sababu kuyafunga tena kunamuumiza kuliko kuhama kwenyewe. Kocha hakupoteza mechi kwa uzembe wake. Ripoti zake kuhusu wapinzani zilikuwa nzuri. Nazijua, kwa sababu nusu yake niliandika mimi. Lakini kocha mpya huja na watu wake. Wa zamani huondoka wote, aliyefanya vizuri na aliyelala.

Muhula huo huo, kwenye somo la sheria ya michezo, tulisoma kesi ambayo nilijihisi kama nimetajwa ndani yake. Miaka ya tisini NCAA iliweka kanuni kwamba mmoja wa makocha wasaidizi wa kila timu ya daraja la kwanza asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Walijitetea kwamba walitaka kubana matumizi, na pia kuwaachia nafasi vijana wanaoanza. Makocha wakashtaki. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilikubaliana nao, ikaona kwamba hakuna chochote katika kanuni kilichohakikisha kuwa nafasi hizo zingeshikwa na vijana. Mwaka uliofuata suala likamalizwa kwa fidia ya dola milioni 54.5. Darasa lilizungumzia ushindani wa soko. Mimi nilikuwa nawawaza wale wenye nywele za mvi waliokubali kulipwa kama wanafunzi ili tu wasitoke nje ya mlango, maana ukitoka msimu mmoja, wakuu wa shule za sekondari na wazazi wanaanza kupokea simu za mtu mwingine.

Jioni nilimpigia baba, Morogoro. Baba alikuwa makamu mkuu wa shule kwa miaka kumi na mmoja.

"Kwani wewe ulikosa nini?" akauliza.

"Sikukosa kitu, baba. Aliyefukuzwa ni mkubwa."

"Basi wewe unabaki."

Nikamweleza kwamba mkataba wangu unaisha Mei, na kwamba kibali cha kufanya kazi baada ya masomo kinaniruhusu siku 90 tu za kukaa bila kazi. Kimya kikapita. Kisha akaniambia kwamba wakuu watatu walihamishwa mbele ya macho yake, na kila mara yeye ndiye aliyebaki na funguo za stoo, akimsubiri mgeni. Hakuwahi kupewa shule. Nikiwa mdogo nililiona hilo kama kushindwa, na naogopa niliwahi kumwambia hivyo. Sasa hivi nilikuwa natamani funguo zile.

"Huyo kocha wako atakukumbuka?" akauliza.

"Amesema akipata kazi atanipigia."

"Na akikosa?"

Sikuwa na jibu, nikasingizia mtandao.

Jumatatu Kocha aliondoka na maboksi tisa. Mezani kwangu aliacha filimbi na daftari la majina ya walimu wa michezo wa shule za majimbo manne, miaka kumi na minne ya simu. Nilitaka kulirudisha, alikuwa amekwisha toka maegeshoni.

Saa kumi jioni mchezaji mmoja wa mwaka wa kwanza aliingia ukumbini peke yake. Hakujua kama atabaki au atahama; wazazi wake walikuwa bado hawajaamua. Alinikuta nimekaa kwenye benchi na kompyuta, nikikata video ya timu ambayo hakuna aliyenituma kuitazama.

"Leo nani ananirudishia mipira?" akauliza.

Nikafunga kompyuta, nikavua koti, nikaenda kusimama chini ya kikapu.