Mkataba wa Miezi Mitatu



Sisi tulizaliwa Unguja mwishoni mwa miaka ya sitini. Tuliletwa Oman tungali wadogo, wazee wetu walipoitika mwito wa marehemu Sultan Qaboos wa kuwataka Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Tukasoma skuli Ibra, Kiarabu kikitutoa jasho, kisha tukapelekwa Uingereza kusomea uhandisi. Tuliporudi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tuliandika barua mbili tu za kuomba kazi, na zote mbili zikajibiwa. Siku zile tulidhani ni akili zetu. Sasa tunajua ilikuwa bahati ya kuzaliwa mapema.

Hivi sasa tunasimamia ulazaji wa mabomba ya maji, mara upande wa Nizwa, mara upande wa Ibra. Miaka michache iliyopita tuliletewa kijana mwenye shahada ya uhandisi, mpole, anayefika kazini kabla ya jua. Kampuni ilimpa mkataba wa miezi mitatu. Ulipokwisha akapewa mwengine wa miezi mitatu, na mwengine tena, na mwengine. Mwaka mzima ukapita hivyo. Saini ya msimamizi katika karatasi zote nne ni yetu, wala hatukuwahi kuisoma karatasi zaidi ya mahali pa kutia saini.

Sikukuu ya Idi tulikwenda kwao kuwapa mkono. Mama yake ni mtu wa Unguja kama sisi. Kahawa ikanywewa, halwa ikaliwa, watoto wakatoka nje. Ndipo akatwambia, kwa sauti ya chini:

"Ndugu yangu, nataka kukuuliza. Mwanangu kila siku anakwenda kazini, lakini hana kazi. Tumekwenda kumposea, wazee wa msichana wakauliza, mkataba wake wa muda gani? Tukanyamaza. Hebu nambie wewe mhandisi, jambo hili mwisho wake nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema "Inshaallah kheri", neno tunalolisema tukitaka kuondoka.

Tusiwe wadhalimu. Kazi ya muda ina sababu zake. Bomba likishalazwa, mlazaji hana la kufanya pale, na mradi una mwisho wake. Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2011, baada ya maandamano ya Sohar, ziliahidiwa nafasi 50,000. Mei 2021 vijana walipotoka tena barabarani, Sultan Haitham aliamuru nafasi 32,000 mwaka ule. Ndani yake mlikuwa na saa milioni moja za kazi ya muda katika ofisi za serikali mikoani, na msaada wa riali 200 kwa mwezi katika mshahara wa vijana 15,000 watakaoingia kampuni binafsi kwa mara ya kwanza, kwa miaka miwili.

Mhandisi haoni namba asiigawe. Tuseme saa 7 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka: mtu mmoja anafanya saa 1,680. Saa milioni moja basi ni kazi ya watu 595 hivi kwa mwaka mmoja. Ukiwapa miezi mitatu mitatu, wanapata watu 2,380 hivi. Si kidogo, na kwa aliyekaa nyumbani miaka miwili ni mlango. Ila mlango unafaa ukiwa na chumba nyuma yake.

Tulipokuwa tukilifikiri hili, tulikuwa tumekwenda Sur kwa shughuli nyengine. Pale pwani limewekwa jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa huko huko Sur mwaka 1951. Tukamkumbuka babu yetu aliyekuwa fundi wa majahazi Unguja. Yeye naye alianza na kazi ya muda: jahazi likishushwa majini, hana kazi mpaka jahazi jengine. Lakini jahazi la kwanza alipasha mafundi vyombo, la pili akakalafati, la tatu akakabidhiwa msumeno. Kila kazi iliyokwisha ilimwacha juu kidogo kuliko ilivyomkuta. Kijana wetu alikuwa amemaliza mikataba minne, na ule wa nne ulimkuta anafanya lile lile la siku ya kwanza: kushika kipimo na kuandika namba.

Kosa hilo halikuwa la serikali wala la kampuni peke yake. Ni sisi tuliompangia kazi kila asubuhi.

Tulirudi tukamwombea kampuni nafasi ya kudumu. Jibu lilikuja siku ya pili: mradi unakaribia kwisha, haiwezekani. Basi mkataba wa tano tulitia saini, lakini safari hii tukampa kipande chake cha bomba akisimamie mwenyewe, tangu kuchimba mpaka kulijaribu kwa maji. Mara mbili alikosea, tukafukua, tukakaripiwa. Mwisho tukamwandikia karatasi inayotaja kila alichokifanya kwa mkono wake.

Sasa yuko Sur, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka si maisha, na posa bado haijajibiwa. Lakini aliposailiwa aliweza kusema, "Nimejenga."

Nawe msomaji, popote ulipo, Muscat, Dubai au London, ikiwa kalamu ya kumsainia kijana imo mkononi mwako, kabla hujaiweka chini jiulize: miezi mitatu ikimalizika, huyu atakuwa anajua nini ambacho leo hakijui? Sisi tulichelewa karatasi nne.

Wassalaam.