Pini, Misumari na Kochi la Mama

Mguu wa kushoto wa mama haukulalamika. Tangu apatwe na kiharusi, upande ule hausikii moto wala baridi, kwa hiyo pini iliyochomoza kwenye ukingo wa kochi lake ilimkwaruza siku kadhaa bila mwenyewe kujua. Dada yangu ndiye aliyeona damu alipokuwa akimwogesha. Tulimpeleka zahanati, kidonda kikasafishwa, akachomwa sindano ya pepopunda. Tuliporudi Mbagala, nikaanza kulifumua lile kochi.

Ni kochi la mninga, la mtu mmoja, na limeshabadilishwa kitambaa mara mbili. Nilipolipindua nikaona kazi za mafundi wawili. Wa kwanza alitumia misumari mifupi yenye vichwa vipana, na mingi ilikuwa bado imeshika. Wa pili alipiga pini kila mahali, na nyingi zilikuwa zimekula kutu hadi zinakatikia kwenye koleo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Chuma kitupu hakidumu.

Wiki ile msimamizi wangu wa shahada ya uzamili alikuwa akisubiri sura ya pili ya tasnifu. Nikaiacha kwenye kompyuta, nikaenda Keko.

Wakazi wengi wa Dar wakitaka kitanda, kabati au sofa, huenda Keko, huku kwetu Temeke. Karakana zimepangana barabarani, vumbi la mbao limetanda, na sofa ambazo hazijavalishwa zimeanikwa nje kama mifupa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kochi au maswali?"

Nilimwonyesha pini nilizozing'oa. Akachukua boksi lililoandikwa 8010, akanieleza kwamba tarakimu mbili za mwisho ni urefu wa miguu ya pini: milimita 10. Kwa kitambaa chembamba zinatosha. Kitambaa kikikunjwa mara tatu, sehemu kubwa ya mguu inaishia kwenye kitambaa na mbao inapata kidogo tu. Mninga nao ni mgumu kuliko paini. Upepo wa mashine ukiwa mdogo, pini haizami yote, inabaki imesimama. Ukizidi, pini inakata kitambaa.

Nikamuuliza kwa nini basi kila mtu anapiga pini. Akacheka. Sofa moja inakula mamia ya pini, na kwa mashine ya upepo kazi hiyo inaisha upesi. Misumari ni mmoja mmoja kwa nyundo, na mteja anayelipia siku mbili badala ya moja hapatikani kirahisi.

Mimi nilikuwa nimeshachagua misumari ya shaba ya urembo ya kupanga mbele ya mikono ya kochi, mfano wa ile ya milango ya Zanzibar. Fundi akauliza, "Anayekalia ni nani?" Nikamweleza habari za mama. Akarudisha ile misumari kwenye kopo lake.

"Mlango hauegemewi siku nzima," akasema. "Mkono usiosikia ukiteleza hapo, utakwaruzika vilevile."

Tukapanga upya. Popote mwili unapogusa, pasiwe na chuma. Pini zikae chini ya fremu tu, ziwe za chuma kisichoshika kutu, kisha zifunikwe kwa kitambaa kingine. Ubao wa kukalia ufungwe kutoka chini kwa skrubu nne zilizopakwa zinki, kwa sababu zinki huliwa kwanza na kukikinga chuma. Kitambaa cha juu kishonwe kama foronya, chenye zipu, kivuliwe na kufuliwa.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza juu ya mtepe, jahazi la kale la pwani hii ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari. Kamba zikichoka, ziliweza kufumuliwa, mbao zikashonwa tena. Nilizoea kupima kifungio kwa jinsi kinavyong'ang'ania. Kwa kochi la mama nilipaswa kuuliza pia: kinamgusa nani, na nani atakifungua?

Maana kuna siku mama hawahi kufika chooni. Hapendi tulizungumze jambo hilo, na hatulizungumzi. Lakini kochi lililopigiliwa kila upande haliwezi kufuliwa. Harufu ingebaki, na mama angekaa ndani yake akijua kwamba wageni wanaisikia.

Kazi ilipokamilika, nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika chini ya ubao: "Skrubu nne. Bisibisi ya nyota. Zipu iko nyuma." Jumatatu nitakuwa chuoni, na dada atakuwa peke yake na mama. Atafungua, atafua, ataanika na kurudisha, kabla hodi ya mgeni haijapigwa.