Karai la Mama na Tanuri la Angani

Mama yangu alitulea kwa karai. Kule Rwamgasa, mkoani Geita, alishinda mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na kuoshwa na wengine, akiuosha tena kutafuta walichokiacha. Maji, mzunguko wa mkono, kisha mtikiso mfupi wa pembeni. Mchanga mwepesi uliondoka na maji, dhahabu ikabaki chini, kwa kuwa uzito wake ni mara 19 ya maji ya ujazo uleule. Pale nilijifunza habari za uzito kabla sijalisikia jina la Newton. Nilijifunza na jambo jingine, ambalo kuliacha kumenichukua miaka: kwamba kitu chema hupatikana kwa kutikiswa.

Sasa nafundisha fizikia mjini Shinyanga. Nikifika mada ya nusu-kipitishi, nawaambia wanafunzi wafikirie simu. Ndani yake mna kipande cha silikoni, fuwele ambayo atomi zake zimejipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride. Safu zikivurugika, umeme nao unayumba. Fuwele ya namna hiyo hukuzwa kwa kuyeyusha kitu na kukiacha kigande polepole, na hapo ndipo uzito uliomlisha mama unapogeuka adui. Kimiminika cha moto hupanda, kilichopoa huzama, chungu kinajikoroga chenyewe kama maharage jikoni, na mkorogo huo unaacha michirizi ndani ya fuwele.

Mwaka 1973 Wamarekani walikuwa na tanuri dogo ndani ya kituo chao cha angani, Skylab. Huko juu uvutano haujaisha. Kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja kuizunguka dunia, kama ndoo ya mawe iliyokatika kamba ndani ya duara, shimo la wachimbaji: mpaka ifike chini, mawe hayailemei ndoo. Kimiminika nacho kinakosa juu na chini, kinatulia.

Jaribio ninalolipenda ni la Harry Gatos na August Witt wa chuo cha MIT. Fuwele zao za indiamu antimonaidi zilikuzwa kwanza duniani, zikapata michirizi. Angani zikayeyushwa sehemu tu, kisha zikaachwa zigande tena. Ziliporudi zikakatwa na kutazamwa kwa hadubini: upande wa duniani michirizi, upande wa angani shwari. Hapa huwa narudia hata darasa likachoka. Ule upande mpya haukuanzia hewani. Uligandia kwenye ule wa zamani, ukafuata mpangilio wake wa atomi, michirizi ukaiacha hukohuko.

Nililifundisha hilo miaka mingi kabla sijalielewa.

Alirudi shuleni kijana aliyekuwa ameacha masomo akaenda machimboni. Duara walilokuwa wakichimba lilititia, wenzake wawili hawakutoka. Nilimpokea kwa mkono wa mwaloni. Kila asubuhi nilimuuliza amelalaje, anawaza nini, mbona haandiki. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikidhani namwamsha. Nikamweleza almasi ya Mwadui, jinsi kaboni inavyogeuka jiwe la thamani, zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi, kwa joto na mgandamizo, ili naye avumilie. Wiki ya tatu hakuja.

Nilimfuata nyumbani. Bibi yake alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka nikamaliza maelezo yangu yote.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu si mchanga."

Aliporudi sikumuuliza kitu. Alikaa nyuma, nami nikafundisha. Muhula ule tulikuza fuwele za shabu: unaiyeyusha kwenye maji ya moto mpaka maji yakinai, unatundika kipunje kwa uzi, unangoja. Glasi za wenzake ziliinuliwa, zikazungushwa, zikatiwa vidole, zikaota chengachenga chini. Yake aliiweka stoo nyuma ya maboksi ya chaki, akaifunika karatasi.

Siku moja baada ya vipindi akaniita. Tuliinama wote wawili. Kwenye uzi ilining'inia fuwele kubwa kuliko punje ya hindi, ina pande nane, angavu hivi kwamba niliuona uzi ukipita katikati yake. Nikanyoosha mkono niitoe, niipeleke dirishani kwenye mwanga.

Akanishika kiganja, taratibu.

"Bado, mwalimu."