Giza la Nkome

Safari yangu ya kwenda ziwani ilianzia kwenye kichuguu. Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa imenyesha Shinyanga usiku, na asubuhi, uani kwa mwenyeji wangu, udongo ukaanza kutema mbawa. Kumbikumbi! Watoto wakatoka na mabeseni ya maji, kuku wakapoteza adabu, na majirani wawili waliokuwa hawasalimiani wakajikuta wameinamia shimo moja. Mama mwenye nyumba aliwakaanga bila tone la mafuta, maana kumbikumbi wana mafuta yao, akatia chumvi, akanifungia wengine kwenye gazeti. Nilipomwambia naenda kuvua, aliniangalia viatu kwanza. "Haya mwanangu. Na huko nako fuata wadudu, samaki utawakuta."

Hakujua kwamba ndiyo shabaha yangu. Mkobani nilikuwa na fimbo ya kuvulia na kisanduku cha ndoano zilizovikwa manyoya, zawadi ya rafiki anayevua kwenye mito ya milima ya Aberdare, Kenya, ambako walowezi walipandikiza trauti mwaka 1905. Trauti hungoja wadudu wanaoibuka majini, naye mvuvi humlaghai kwa mdudu wa bandia. Ni samaki wa maji baridi; Ziwa Victoria, lenye joto la digrii 25 hivi, asingeliweza. Lakini kuvua kwa kumsubiri mdudu kupo Kanda ya Ziwa, tena kwa wingi ambao rafiki yangu hajauona.

Nilishika njia ya Kahama. Pande zote kuna ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi. Nchi hii iliwahi kubaki kipara. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulisaidia kuzirudisha ngitili, na leo migunga imesimama mahali ambapo wazee wanakumbuka vumbi. Anayeiita Shinyanga jangwa hajapita hapa baada ya mvua.

Ukifika Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, masikio ndiyo huanza kufanya kazi. Karasha zinasaga mawe kutwa. Pale wachimbaji wadogo wanapooshea mawe hayo panaitwa mwalo: maji ya tope hupitishwa kwenye ubao ulioinamishwa na kutandikwa kitambaa kizito, mchanga unakwenda zake, dhahabu inanasa kwenye nyuzi. Nikapita Geita mjini, nikateremka hadi Nkome, ufukweni. Mahali mitumbwi inaposhushia samaki napo ni mwalo. Sijui nani alilitoa neno kwa nani, ila nikikaa na wachimbaji na wavuvi naona hawakukosea: kote watu wanakesha kwa ajili ya kitu kidogo kinachong'aa.

Kutoka Nkome nilivuka kwanza hadi kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara hauruhusiwi huko, samaki wanazaliana kwa amani, ila mgeni mwenye kibali anaweza kuvua kwa fimbo. Nilirusha manyoya yangu siku nzima huku furukombe akinicheka juu ya mti. Nilichopata ni kuungua shingo.

Nikarudi Nkome, giza likiwa limeingia. Na giza hapa si usiku tu, ni msimu. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika, nyavu hushonwa, akina baba huonekana nyumbani. Mwezi ukifa, kazi. Tuliondoka jua likizama, vijana watatu, nahodha na mimi. Karabai zilizokuwa zikikoroma zamani zimepisha taa za betri. Nahodha aliziweka juu ya maboya, akazitia nanga mbalimbali, tukakaa kando kungoja. Nikafungua gazeti langu. Kumbikumbi wa Shinyanga wakaliwa wote kabla sijamaliza kueleza wametoka wapi.

Kisha wakaja wa ziwani. Kwanza mmoja kwenye shavu, kisha kumi, kisha hewa yenyewe ikawa wadudu. Wana udugu na mbu ila hawaumi. Sehemu kubwa ya maisha yao huishi wakiwa viluwiluwi kwenye tope la chini, na kuna jamii yao ambayo huibuka zaidi siku za mwezi mwandamo: hupanda juu, huvua ngozi juu ya maji, huota mbawa, hutaga, hufa. Zamani furu ndio walikuwa walaji wakubwa wa viluwiluwi hao. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala furu hadi wakaadimika kwenye Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, na dagaa, mdogo kama kidole, akaongezeka na kuisogelea sahani iliyoachwa.

Nikamwonyesha nahodha ndoano yangu ya manyoya. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, wadudu halisi wakiwa wamemjaa hadi kwenye kope.

"Mzee," akasema kwa upole, "huyu wako atajulikanaje?"

Saa nane maji chini ya taa yalianza kutokota. Wavu ukazungushwa kimya kimya, ukavutwa, na dagaa wakamwagika mtumbwini kwa sauti kama ya mvua juu ya bati. Alfajiri, tukirudi, wadudu walikuwa wamejikusanya juu ya ziwa kama moshi wa moto ambao hakuna aliyeuwasha, nguzo ndefu zikipinda kuelekea Rubondo, na mbayuwayu wakipita ndani yake midomo wazi. Nimeona machweo mengi yanayosifiwa; hakuna niliyoyatazama hivyo.

Dagaa wakaanikwa. Kufika saa tatu, wingu jeusi likasimama upande wa kisiwani. Ufuko mzima ukaanza kukimbia.

"We baba!" mama mmoja akanipigia kelele. "Weka hiyo fimbo, shika turubai!"

Nikaiweka.